Kisima Tulichokifunika kwa Miiba

Zakariya, mwanangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata baba yetu, Aabo: maji ya kisima chetu yananitia kinyaa. Hayakuanza leo wala jana. Nikinywa mbele ya watu nameza, nikinywa peke yangu nayatema nyuma ya zizi la mbuzi, kisha nayafukia kwa mguu kama paka. Unajua kwa nini nayafukia. Kwetu mtu hayasemi maji vibaya. Babu yetu, Awowe, akisikia kwamba maji ya baba yake yananuka, ni sawa na kusikia mtu anamtukana mama yake.

Nakuita mwanangu ingawa mimi ni dada yako, na najua ukiwa na wenzako hupendi. Wanawake wa hapa walianza kuniita "mama mdogo" nikiwa na umri kama wako sasa, mwanzoni kwa kunicheka, baadaye kwa mazoea. Mama alipofariki ulikuwa hujaota jino. Bibi yetu, Ayeyo, alikulisha na mimi nikakubeba, na Ayeyo naye alipokwenda kwa Mola wake nikabaki mimi. Aabo yuko barabarani na malori ya mifugo, leo Habaswein, kesho Buna, na akirudi anakuletea viatu ambavyo ulishavipita. Kwa hiyo barua ambayo mzazi humwandikia mtoto anayeondoka nyumbani naiandika mimi, msichana wa kidato cha tatu. Naiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichofundishwa kukisoma. Na naiandika kwa sababu kuisema siwezi. Unanijua. Mwalimu akinitaja jina darasani, masikio yangu huwaka moto.

Mambo ya mswaki na sala utaambiwa na Habaryar mpaka uchoke. Mimi nataka ujue kwa nini kesho unaondoka.

Umeambiwa kwamba Habaryar, mdogo wake mama, hana mtoto wa kiume wa kumtuma dukani. Hayo yamesemwa ili Awowe asione aibu. Unaondoka kwa sababu ya vidonda vya mdomo, na ngozi inayobambuka katikati ya vidole vyako, na tumbo linalokuamsha. Nesi alikupa mafuta, tukarudi akakupa mafuta yale yale, tukarudi tena akaniuliza, "Nyinyi mnakunywa maji ya wapi?"

"Ya kisima," nikasema.

"Kisima kipi?"

Awowe alikuwa ameketi mlangoni na fimbo yake. Akakohoa. Mimi nikatazama sakafu, na nesi akaandika mafuta.

Sijui kama ni maji yaliyokufanya hivyo. Nesi hajui pia, na sitaki ukue ukisema jambo ambalo hakuna aliyelipima. Lakini Habaryar alipofika juzi akapewa maji, alikinusa kikombe, akakirudisha kwenye sinia bila kukigusa kwa mdomo, akasema, "Huyu mtoto naondoka naye." Hakusema zaidi. Ni mgeni, ana adabu.

Huikumbuki siku kiwanda cha ngozi kilipofunguliwa kule juu, ng'ambo ya barabara. Watu walifurahi. Ngozi ya mbuzi tuliyokuwa tukiwatupia mbwa ikapata mnunuzi. Kisha ikaja harufu. Mwanzoni ilikuwa ya nyama iliyooza, na hiyo tunaijua, ukiishi na mifugo huwezi kuiogopa. Baadaye ikaja nyingine, kali, ya mayai viza na dawa, inayokaa kooni kama umelamba msumari. Wakachimba mabwawa ya maji taka. Hayakujengewa sakafu, ni mashimo tu kwenye mchanga, na mchanga wa kwetu unaujua wewe mwenyewe, ukimwaga maji ya kunawa yanapotea kabla hujasema Bismillahi. Maji ya mabwawa nayo yalikuwa yakipotea. Yakipungua wanajaza tena. Hakuna aliyejiuliza yanakwenda wapi.

Na mimi, mwenye kusoma kila karatasi inayopeperushwa na upepo, nilikupeleka huko kwa miguu yangu. Nilikuwa nimesoma jinsi ngozi inavyolainishwa, nikataka kukuonyesha. Tulisimama kwenye uzio, nikakueleza kwa sauti ya mwalimu: hapa wanaziloweka kwenye chokaa ili manyoya yatoke, hapa wanaziweka dawa ndipo zinakuwa na rangi ya buluu. Uliona ngozi za buluu zimeanikwa ukasema ni mbuzi wa mbinguni. Nilicheka. Wakati nacheka ulikuwa umechutama kwenye mfereji unaotoka chini ya uzio, unakoroga kwa kijiti, na kijiti kilitoka na utelezi, manyoya na mafuta meupe yaliyoganda. Ukaufuta mkono kwenye kanzu. Mimi niliendelea kukueleza.

Naikumbuka hiyo kanzu kuliko chochote nilichokisoma mwaka ule.

Kisima chetu kiko chini ya kiwanda, ndani ya laga, mahali maji hupita mvua ikinyesha na mchanga huyahifadhi mvua ikiisha. Kilichimbwa na baba yake Awowe. Watu walikuwa wakisafiri kutoka Sangailu wakipita hapa kwa makusudi ili wanywe maji yake, na husema yalikuwa matamu kama yametiwa maziwa. Mimi niliyawahi yakiwa hivyo. Wewe hukuyawahi, na hilo linaniuma, kwamba unadhani maji ndivyo yalivyo, ya chumvi, machungu mwishoni, na utando juu yake unaokatika vipande ukiugusa.

Yalipoanza kubadilika, nilifungua kitabu cha sayansi. Kitabu kilisema maji machafu yachemshwe. Nikayachemsha, nikaona fahari kama mtu aliyegundua kitu. Ukikataa nilikushika kidevu nikakwambia, "Kunywa, nimeyachemsha," nawe ukanywa kwa kuniamini, uso umeukunja. Wiki hii ndiyo nimeelezwa kwamba moto huua vijidudu, lakini chumvi na dawa za kiwandani haziondoi. Maji yakipungua sufuriani, dawa inabaki pale pale ndani ya maji machache. Kwa hiyo nilikuwa nakupikia sumu mpaka inakolea, kama ni sumu. Hiyo "kama" naiandika kwa sababu ni haki, ila tumbo langu halina hiyo "kama". Kila nikiiona ile sufuria nataka kutapika.

Meneja wa kiwanda alikuja kwenye baraza. Alileta mchele na soda, akasimama kivulini akatwambia maji yetu ni salama kabisa. Alipokuwa akisema hivyo alikuwa ameshika chupa ya maji ya dukani, na kila baada ya maneno machache alikunywa funda. Wazee walipiga makofi. Awowe pia alipiga. Baada ya baraza, watoto waligombania ile chupa tupu, na wewe ndiye uliyeipata. Ulirudi nayo nyumbani ukiruka, ukaijaza maji ya kisima chetu.

Sasa nikuambie habari ya Mutiso, yule kijana wa bara uliyempenda kwa sababu alikuruhusu kushika utepe wake. Yeye na dereva wake walitumwa kupima visima vyote vilivyo karibu na kiwanda, waone kama maji taka yamefika chini. Kazi yao inahitaji uvumilivu kuliko nguvu. Wanakifikia kisima, wanauliza mwenyewe nani, kimechimbwa lini, nani anakunywa, watu au mifugo. Wanateremsha ule utepe uliozungushwa kwenye gurudumu, na ncha ikigusa maji unalia, nao wanaandika kina. Wanateka maji na kuyamwaga kwanza, kwa sababu yaliyolala juu si yale ya chini, ndipo wanajaza chupa zao na kuziweka kwenye kisanduku cha barafu. Shuleni waliomba mwanafunzi wa kuwatafsiria. Mwalimu akanitaja, masikio yakawaka, nikaenda.

Tulianza na kisima cha shule, kisha cha soko. Vyote viko upande wa juu, mbali na mabwawa. Kisha Mutiso akamwendea Awowe, akamsalimu kwa mikono miwili, akasema, "Mzee, kuna kisima kingine huku chini, kwenye laga?"

Nikatafsiri. Awowe akatazama mbuzi.

"Mwambie hakuna."

Wewe ulikuwepo. Uliniangalia. Siku moja kabla ya hapo ulikuwa umeburuta matawi ya miiba pamoja nami tukakifunika kisima, tukamwaga samadi kavu juu yake ili paonekane ni zizi lililohamwa. Ulidhani ni mchezo. Majirani walifanya hivyo hivyo na visima vyao. Ndivyo wazee wetu walivyofundishana: mwenye karatasi akija, mwonyeshe kisima cha watu wote, cha kwako kifunike. Awowe huniambia tangu nikiwa mdogo, "Kisima kikiandikwa, kinapata wenyewe wengi, na wewe si mmoja wao." Baba yake alikuwa na kisima kingine mbali na hapa. Wakaja watu na karatasi, wakaandika, na safari iliyofuata ngamia wake walikuta seng'enge. Simcheki Awowe kwa woga huo. Ni woga wa mtu aliyekwisha kuona.

Nikamgeukia Mutiso nikasema, "Hakuna."

Halima wa chai, aliyekuwa anapita na chupa zake za maziwa, akaongeza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Hakuna, wallahi! Sisi nakunywa hewa tu!" Watu wakacheka. Mutiso naye akacheka, akaandika.

Jambo lililofuata ndilo nisilolisahau. Awowe alificha kisima, lakini mgeni ni mgeni. Hakuweza kumpa mgeni chai ya maji ya kisima cha shule, maji ya watu wasio na kisima chao. Aliniita pembeni akaninong'oneza, "Mpikie kwa maji yetu." Yaani yale mazuri. Nikapika. Nikatia sukari nyingi, maziwa ya ngamia, iliki na tangawizi, kila kitu kilichokuwa ndani ya nyumba. Mutiso akanywa funda moja. Niliona koo lake likikataa kisha likikubali.

"Chai yenu ina chumvi," akasema taratibu.

"Naa Hodan," Halima akaniita kwa Kisomali, "mwambie kijana sukari ya bara imemharibu ulimi!"

Sikulitafsiri hilo. Mutiso akakishusha kikombe, akaniangalia mimi badala ya Awowe. "Dada, maji ya chai hii mmeyateka wapi? Ya shule nimeyapima asubuhi, hayana chumvi namna hii."

Zakariya, nilisoma vitabu vingi sana vya watu wanaosema kweli. Hapo ndipo palikuwa mahali pangu. Awowe haelewi Kiswahili kingi, angedhani tunazungumza habari za sukari. Ilihitajika neno moja tu. Mimi nikasema, "Ya shule." Kisha nikatabasamu. Nikamwongezea chai, naye kwa heshima ya Awowe akainywa yote.

Kama kuna kitu kinachonichukiza kuliko utando wa maji yale, ni tabasamu lile. Meneja alikuwa na chupa yake ya dukani. Mimi sikuwa na chupa, nilikuwa na tabasamu, na kazi iliyofanya ilikuwa ile ile.

Siandiki haya ili ujifunze kutodanganya wazee. Utakaa Habaswein kwa Habaryar, utaona wazee wengine na visima vingine, na mara nyingi watakuwa wanajua wanachokifanya. Nakuambia tu jinsi ilivyo. Nilidhani aibu yangu ni adabu. Watu wote hunisifu, "Hodan hana neno, Hodan mtulivu," nami nikalivaa hilo kama buibui. Lakini wewe ukiwa na vidonda mdomoni, utulivu wangu ulikuwa umekusaidia nini? Ulikusaidia unywe vizuri bila kelele.

Leo mchana, baada ya masomo, niliwakuta Mutiso na dereva wake wanafunga vyombo kwenye uwanja wa shule. Walikuwa wanazungumza, hawakuniona.

"Ajabu," Mutiso alisema. "Upande wa chini wote, pale maji taka yangepita, hakuna kisima hata kimoja."

"Si ndio vizuri? Hakuna anayekunywa."

"Ndivyo nitakavyoandika. Hakuna anayekunywa. Kesho asubuhi tunarudi Garissa."

Nilisimama nyuma ya tangi na vitabu kifuani. Hakuna anayekunywa. Wewe hukunywa, Zakariya. Vidole vyako havikubambuka. Nyumba zile zote za laga hazipo. Na kiwanda kitaipata karatasi hiyo, na meneja atakuja nayo kwenye baraza na chupa yake mkononi, na safari hii atakuwa anasema kweli, kwa sababu sisi ndio tuliomwandikia. Nilitaka kuwaita. Sikuwaita, wakaingia kula.

Nimerudi nikakaa kuandika barua hii. Nilidhani nikikuandikia wewe yote, itakuwa kama nimeyasema. Sasa nimefika hapa naona haikuwa hivyo. Wewe una umri wa kusoma gredi ya tatu, utaisoma barua hii ukiwa mbali, utapita juu ya maneno magumu, na kisima kitakuwa bado kiko chini ya miiba. Kukuambia wewe ni kutema nyuma ya zizi tena. Acha nilale.

Naendelea asubuhi. Gari la kuwachukua wewe na Habaryar halijafika, nawe unakunja nguo zako vibaya, nakusikia.

Nilimsubiri Awowe amalize sala ya alfajiri. Sikutaka kumzunguka. Nilikaa kwenye mkeka mbele yake nikamwambia, "Awowe, nakwenda kumwonyesha yule kijana kisima."

Akazungusha tasbihi. "Wakikichukua, ni wewe uliyewapa."

"Ndiyo, Awowe."

"Mtoto wa mwanangu. Msichana."

"Maji yanatuua. Yananuka, Awowe."

Nilidhani atanipiga kwa fimbo. Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye mtoto mdogo kuliko wewe. "Unadhani mimi sina ulimi, Hodan?" akasema. "Nilikunywa kisima kile kikiwa kitamu. Nikisema kinanuka, mimi ni mtu wa wapi?" Akainuka akaenda kuwafungulia mbuzi. Hakunizuia wala hakuniruhusu.

Nilikwenda uwanja wa shule nikitembea haraka ili woga usinifikie. Injini ilikuwa tayari inaunguruma. Nikasema kwa sauti, mbele ya dereva na mlinzi na wasichana wa bweni, "Kuna kisima kingine. Viko vinne. Chai ilitoka huko. Nilikudanganya."

Mutiso hakunilaumu. Alimwambia dereva azime gari, akauliza, "Mbali?" kisha akaanza kushusha vyombo.

Miiba tuliiondoa sisi wenyewe, ikanichana mikono. Watu walitoka wakasimama juu ya ukingo wa laga. Halima akapaza sauti, "Waa! Msichana wa vitabu ameuza kisima cha babu yake!" na safari hii hakuna aliyecheka. Utepe ukateremka, ukalia. Mutiso alipofungua chupa akaijaza, aligeuza uso pembeni, na mimi niliyeyazoea nikaona haya kwa niaba ya maji. Akauliza mwenye kisima ni nani. Nikalitaja jina la Awowe, la baba yake na la babu yake, na nikamwomba ayaandike yote matatu. Akauliza nani anakunywa. Nikajitaja mimi, nikakutaja wewe, nikazitaja nyumba moja baada ya nyingine mpaka wenyewe wakaanza kunisahihisha kutoka ukingoni: si watoto wanne, ni watano. Mzee mmoja akashuka akaenda kuondoa miiba ya kisima chake. Wengine hawakushuka.

Sijui majibu yatakuwa nini. Mutiso alisema yatachukua muda, na hakuahidi kitu. Sijui kama ukirudi Awowe atakuwa anazungumza nami.

Nilirudi nyumbani, nikaitoa nje mitungi yote iliyokuwa imejaa, na ile sufuria. Majirani wananitazama, Awowe ananitazama kutoka zizini, na ardhi ni kavu mpaka macho yanapoishia. Nikamwaga maji yote mchangani. Kisha nikamfunga punda mitungi mitupu, nikaenda kupanga foleni kwenye kisima cha shule.